Mizani ya karati yenye bilauri ya maji: tathmini baada ya miezi minne

Miezi minne iliyopita nilinunua katika duka moja la vifaa hapa Arusha mizani ndogo ya karati (kipimo cha uzito wa vito; karati moja ni gramu 0.2) inayouzwa pamoja na fremu ya chuma, bilauri ya kioo na kikapu cha waya, ili niweze kuihakiki tanzanaiti kabla ya kulipa. Nimeitumia karibu kila mabroka walipoleta mzigo kutoka machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani.

Jiwe hupimwa kwanza likiwa kavu, kisha likiwa limezama ndani ya kikapu kinachoning'inia majini. Likizama huhamisha maji yenye ujazo sawa na wake, nayo maji hulisukuma juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji hayo yaliyohamishwa, kama alivyoonyesha Archimedes wa Syracuse zaidi ya miaka 2,200 iliyopita; ndiyo maana namba kwenye mizani hupungua. Ukigawanya uzito wa jiwe kavu kwa upungufu huo, unajua jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule, yaani densiti yake ikilinganishwa na ya maji. Tanzanaiti hutoa jibu lililo karibu na 3.35. Iolaiti, jiwe jingine la asili lenye rangi kama hiyo ambalo huwachanganya hata wazoefu, hutoa 2.6 hivi, na zirkonia, jiwe bandia la kiwandani, hupita 5.5.

Shida huanza jiwe likiwa dogo. Jiwe la karati 5.00 hupungua kwa karati 1.49, na hata mizani ikikosea kwa 0.01, jibu hubaki kati ya 3.33 na 3.38. Jiwe la karati 1.00 hupungua kwa 0.30 tu, na kosa lilelile linaweza kulipeleka jibu popote kati ya 3.23 na 3.45, hapo forsteriti ya kiwandani, ambayo hutengenezwa kwa rangi ya tanzanaiti na densiti yake ni karibu 3.2, inaweza kupita bila kushtukiwa. Kwa nusu karati kipimo hakina maana kabisa. Karatasi ya maelekezo inadai kwamba kifaa kinafaa kwa jiwe la ukubwa wowote, na dai hilo si la kweli.

Kikapu nacho kimetengenezwa kwa waya mnene mno, kiasi kwamba uso wa maji huung'ang'ania na namba haitulii. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo lilisaidia, ila dawa hasa ilikuwa kuutupa waya huo na kutumia uzi mwembamba wa kuvulia samaki. Viputo vya hewa vinavyoganda kwenye jiwe huongeza msukumo wa maji na kulifanya jiwe lionekane jepesi kuliko lilivyo, hivyo natumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Kuhusu baridi ya asubuhi za Julai hakuna haja ya kuhangaika, kwa kuwa kati ya nyuzi 15 na 25 densiti ya maji hubadilika kwa takriban asilimia 0.2 tu. Vivyo hivyo floridi ya maji yetu: inaharibu meno, lakini haiharibu kipimo hiki.

Jambo lililonikera zaidi nililigundua baadaye, nalo ni kwamba fremu, iliyopandisha bei ya seti nzima, haihitajiki. Chukua kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, kitie maji, kiweke juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Kisha lizamishe jiwe likiwa limefungwa kwa uzi ulioshikizwa pembeni, bila kugusa kitako. Kwa kuwa maji yanalisukuma jiwe juu, jiwe nalo linayasukuma maji chini kwa kani ileile, na mizani inaonyesha moja kwa moja uzito wa maji yaliyohamishwa. Angalia tu uzito wa mwisho ambao mizani yako inaweza kubeba, kwani bilauri ya kioo ingeilemea.

Kifaa hiki hakiwezi kukuambia kama tanzanaiti imechomwa, kwa sababu moto hubadilisha rangi bila kubadilisha densiti, wala hakimfai mwenye jiwe lililokwisha kufungwa kwenye pete. Kwa mizani yenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Kwa seti nzima natoa mbili, na anayenunua mawe yasiyozidi karati mbili anunue mizani peke yake.