SageMath kwa matriksi za Hadamard na jamaa zake: chombo kizuri, ila soma jibu lake vizuri

Kwenye matriksi za kombinatoriki (hisabati ya kupanga na kuhesabu vitu) desimali ni balaa. Kinachotakiwa ni 0 na 1, au 1 na −1, na jibu lisilokadiriwa. SageMath (kwa kifupi Sage), programu ya bure ya hisabati iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, inahesabu kwa namba kamili tangu mwanzo, na hiyo peke yake inatosha kuipa nafasi ya kwanza.

Tuanze na Hadamard: matriksi ya mraba ya 1 na −1 tupu, ambayo ukichukua safu mlalo zozote mbili, ukazizidisha namba kwa namba na kujumlisha, unapata 0. Ukubwa wake lazima uwe 1, 2 au kigawe cha 4. SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, nayo ina amri ya hadamard, lakini inajua vipeo vya 2 tu (1, 2, 4, 8 na kuendelea). Iombe ya 12 uone: inakugomea kwa ValueError, wakati mwanahisabati Hadamard mwenyewe aliionyesha mwaka 1893. Kati ya 1 na 100 kuna ukubwa 27 unaowezekana. SciPy inakupa 7. Tena ukiiomba ya 256 kwa int8 (namba za −128 hadi 127 tu) ili kubana kumbukumbu, kisha ukaizidisha na transposi yake (safu mlalo zikigeuzwa safu wima), unapata sifuri tupu, kwa sababu 256 haienei kwenye int8. Na haikuonyi.

Kwenye Sage:

from sage.combinat.matrices.hadamard_matrix import hadamard_matrix
H = hadamard_matrix(12)
H*H.transpose() == 12*identity_matrix(12)

Mstari wa tatu ukileta True, matriksi ni halali. Ya 12 hupatikana kwa mbinu ya Paley: chukua namba tasa inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4, hapa 11, ongeza 1.

Wengi huteleza kwenye hadamard_matrix(n, existence=True), inayouliza tu kama matriksi ya ukubwa n ipo. Majibu ni matatu: True, False na Unknown. Hilo la tatu maana yake ni "Sage haijui kuijenga", si "haipo". Ya 428 ilipochapishwa mwaka 2005, ukubwa mdogo kuliko wote uliobaki bila mfano ukawa 668, na hapo Unknown ni haki yake. Lakini kwa namba nyingine, hasa ukiwa na toleo la zamani, huenda mbinu inajulikana siku nyingi ila hakuna aliyeiandika ndani ya programu. Sasisha kwanza kabla ya kutangaza kitu.

Jambo la pili la kuangalia ni namba zinahesabiwa wapi. Chukua bapa la Fano, nukta 7 na mistari 7, na matriksi N inayoweka 1 pale nukta ilipo kwenye mstari, la sivyo 0:

N = designs.projective_plane(2).incidence_matrix()
N.rank()
N.change_ring(GF(2)).rank()

Amri ya kwanza ya rank (idadi ya safu zisizotegemeana) inatoa 7, ya pili, inayohesabu katika GF(2), yaani 0 na 1 tu ambapo 1+1=0, inatoa 4. Zote ni sahihi. Detaminanti yake ni 24 au −24, kutegemea mpangilio wa safu, na 24 ni shufwa, kwa hiyo katika GF(2) inageuka 0 na safu zinaanza kutegemeana. Anayetafuta kodi ya Hamming, ya kusahihisha makosa ya data, anaihitaji hiyo 4. Akisahau change_ring atashangaa kodi imekwenda wapi.

Jamaa nyingine ni matriksi za alama zinazopishana: za 0, 1 na −1, kila safu ikijumlisha 1, na 1 na −1 zikipokezana. AlternatingSignMatrices(6).cardinality() inaleta idadi yake kwa ukubwa wa 6, 7436, papo hapo, maana inatumia fomula. Usidanganyike ukaita list, inayoziorodhesha zote, kwa 8: ni matriksi 10,850,216, na kompyuta ya kawaida itakwama. Pamanenti (kama detaminanti, ila bila alama za kutoa) nayo ina gharama yake, kwani njia ya Ryser hupitia takriban 2^n ya mafungu ya safu. Kama matriksi ni ya 0 na 1 na sifuri ni nyingi, andika permanent(algorithm='ButeraPernici').

Upungufu mkubwa ni usakinishaji. Inakula jigabaiti kadhaa, na kwenye Windows inabidi upitie WSL, mfumo wa kuendesha Linux ndani ya Windows. Kwa mwenye bando dogo, SageMathCell inafunguka kwenye kivinjari hata cha simu, bila akaunti, na mifano yote ya hapa inakwenda. Ila ina kikomo cha muda, na pamanenti ya 30 kwa 30 iliyojaa haitafika mwisho.