Mashine ipi ya kuvulia ununue: kutoka HP 15 mpya hadi ya mtumba

Kwenye mgao wa mapato ya samaki, kabla nahodha na mabaharia hawajahesabiwa, mafuta hutolewa kwanza. Halafu chombo kinapata fungu lake, na mashine lake. Mwenye kununua mashine mbaya hajiumizi peke yake, kwa sababu lita mbili zinazopotea kila siku zinatoka kwenye mfuko wa kijana aliyekesha akivuta wavu. Kwa hiyo nimezipanga hapa mashine za kufunga nyuma ya chombo kwa jinsi zinavyomlisha mvuvi. Bei ya dukani unailipa mara moja. Mafuta unayalipa kila alfajiri.

Ninazungumza na mwenye mashua, dau au boti ya faiba ya mita 6 hadi 8, watu watatu mpaka watano, anayetoka asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi ni wa huku Pangani, lakini wa Lamu, Shimoni au Kilindoni atajiona humu. Wa ziwani naye atapata mengi, ila chumvi haimhusu.

Kwanza tazama chombo. Cha mbao, chomeka ncha ya kisu kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, na pale mbao zinapokutana na mkuku, ule uti wa chini. Kisu kikizama kama kwenye ndizi mbivu, usiendelee na bei. Cha faiba, gonga kwa sarafu ukienda hatua kwa hatua: palipo pazima panalia kavu, palipoachana panalia butu. Kisha pima kimo cha ubao wa nyuma utakaobeba mashine. Shafti fupi ni ya ubao wa inchi 15 hivi, ndefu ni ya inchi 20. Lile bamba lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya chombo au lishuke kidogo tu. Likiwa juu, propela inakamata hewa kila wimbi likipita, mashine inapiga kelele na chombo hakiendi. Nimeona watu wakilaumu mashine mwaka mzima kumbe kosa ni shafti.

Ya kwanza: HP 15 mpya ya kuchanganya

HP ni nguvu za farasi. Ya kuchanganya ni ile inayokunywa petroli iliyotiwa oili. Yamaha Enduro 15 ndiyo utakayoikuta karibu kila diko, yaani mahali vyombo vinapofikia, la pwani yetu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuiweka juu. Haina mambo ya umeme ya kumchanganya fundi, inawashwa kwa kamba, ni nyepesi kiasi cha watu wawili kuibeba hadi nyumbani usiku, na plagi yake unaipata hata dukani kwa Mangi wa pembeni. Ikikuzimikia Kigombe, Kipumbwi au Nungwi, yupo mtu aliyewahi kuifungua.

Mchanganyiko ndio unaoua nyingi. Fuata kitabu kilichokuja nayo. Kwa kawaida saa 10 za mwanzo ni oili moja kwa petroli 25, yaani mililita 800 kwenye dumu la lita 20. Baada ya hapo moja kwa 50, yaani mililita 400. Pima kwa chupa yenye alama, usikadirie kwa kifuniko. Na oili iwe ya mashine za majini, yenye maandishi TC-W3. Ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo. Ukiitia kwenye mashine inayopozwa na maji, masizi yanaganda kwenye ringi na plagi kila siku zinalowa.

Ya pili: fostroki ya HP 15

Hii haichanganywi. Oili inakaa tumboni mwake kama ya gari, moshi ni mdogo, na sauti yake inakuruhusu kuzungumza na mwenzako aliye omo, mbele ya chombo, bila kupiga ukelele. Tufanye hesabu. HP 15 ya kuchanganya, mkono wa mafuta ukifunguliwa wote, inakula kama lita 6 na nusu kwa saa. Fostroki inakula kama 5. Ukiendesha hivyo saa nne kwa siku, siku 20 kwa mwezi, ya kwanza imekula lita 520, ya pili 400. Hapo sijagusa oili ya kuchanganya, ambayo kwa lita 520 ni zaidi ya lita 10.

Kwa nini basi nimeiweka ya pili? Ni nzito zaidi, bei yake iko juu, na kabureta yake ina vitundu vyembamba visivyovumilia petroli ya dumu chafu. Oili yake lazima ibadilishwe kila saa 100, na wengi wetu hatuandiki saa. Kama diko lako lina fundi aliyesomea mashine hizi na wewe ni mtu wa daftari, ipandishe iwe ya kwanza. Nakwambia kwa moyo mweupe, mtu anayekwenda mbali kila siku atairudisha tofauti ya bei.

Ya tatu: mashine ya mkia mrefu

Ni injini ndogo ya petroli, HP 6 au 7, ya aina ile ile inayovuta maji shambani au kuzungusha jenereta, imefungwa bomba refu lenye propela mwishoni. Haina pampu ya maji wala gia za chini ya maji. Kwa mwenye mtumbwi au dau dogo anayevua ndani ya mwamba, kwenye mikoko na maji ya magoti, sina cha kumshauri zaidi ya hii. Inakwenda polepole na inakata masikio, lakini inakula kidogo na spea zake zinauzwa hata maduka ya pembejeo. Nje ya mwamba wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, usiende nayo.

Ya nne: za Kichina

Parsun na Hidea ndizo zinazotajwa sana. Nyingi zimefuata umbo la mashine za Kijapani za zamani, hivyo baadhi ya spea zinaingiliana. Baadhi, si zote. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuoneshe rafuni impela (kigurudumu cha mpira cha pampu ya maji), kamba ya kuwashia na sili za shafti za mashine hiyo hiyo. Akisema zitakuja, subiri zije ndiyo ulipe. Kwa mwenye mtaji mdogo, mpya ya Kichina iliyotunzwa ni bora mara nyingi kuliko ya Kijapani iliyochoka.

Ya tano: ya mtumba

Nilinunua moja mjini, imepakwa rangi inang'aa, stika mpya, muuzaji akaiwasha ndani ya pipa ikaitika mara ya kwanza. Mwezi wa saba, kusi limekaza, tukiwa nyuma ya kisiwa cha Maziwe, ikapoteza nguvu kisha ikazima kabisa. Tulikuwa wanne. Tulifunga turubai la kufunikia samaki kwenye pondo, likawa tanga, upepo na mkondo vikatupeleka kaskazini mpaka tukaingia Kigombe usiku. Fundi alipofungua, silinda moja ilikuwa na mikwaruzo ya kuingia ukucha. Rangi ilikuwa imefunika kila kitu.

Tangu siku ile sinunui bila kufanya haya. Mashine iwe ya baridi; gusa kichwa chake, kikiwa cha moto ujue imepashwa kabla hujafika. Toa plagi, funga geji ya kupimia mgandamizo kwenye kila silinda, vuta kamba mara tano kwa nguvu. Namba za silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Kisha legeza skrubu ya chini ya gia boksi, acha oili ichuruzike kiganjani. Nyeusi inavumilika. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili zimekufa. Mwisho, iwashe baharini ikiwa kwenye chombo, ibebe mzigo robo saa. Kwenye pipa kila mashine ni nzima. Dai risiti, na namba iliyogongwa kwenye bamba lake ilingane na ya kwenye karatasi.

Za mafuta ya taa sikuzipa namba. Faida yake ilikuwa bei ya mafuta ya taa, na faida hiyo imekwisha: Tanzania ilipandisha kodi yake mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji, Kenya nayo ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. HP 40 ni ya ringinet, ule wavu mkubwa wa kuzungushia samaki, na vyombo vizito. Ukiifunga kwenye mashua ya mishipi, lita 18 au zaidi kwa saa zitakula samaki wote.

Kuitunza

Tazama yale maji yanayotoka nyuma, mashine inapokojoa. Mkojo uwe wa nguvu na vuguvugu. Ukidhoofika, zima hapo hapo, kwa sababu impela, kile kigurudumu cha mpira chini, kimechoka au mchanga umeziba njia. Impela ibadilishe kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Ni kitu kidogo kinacholinda pistoni.

Ukirudi, iendeshe dakika kumi ndani ya pipa la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, chumvi itoke kwenye mifereji ya ndani. Kisha chomoa bomba la mafuta, iache imalize yaliyobaki mpaka ijizime, kabureta ibaki kavu. Kile kipande cha zinki kinacholiwa na maji ya chumvi kisipakwe rangi. Kazi yake ni kuliwa badala ya gia boksi. Oili ya gia ibadilishe baada ya saa 10 za kwanza, baadaye kila saa 100. Na kila wiki vua propela uangalie mshipi uliojizungusha kwenye shafti. Uzi wa nailoni unakata sili taratibu, bila sauti.

Petroli ya dumu iache itulie, kisha imimine kwenye chupa inayoonesha. Maji yatakaa chini, utaona mstari. Mashine ikidondoka baharini na ukaipata, usiiache ikauke juani: isuuze kwa maji baridi, toa plagi, vuta kamba maji yatoke, tia oili kwenye silinda, iwashwe siku hiyo hiyo.

Gari nitaligusa kidogo. Kwa wenye diko la barabara ya mchanga, Kirikuu, ile pikapu ndogo, inatosha kubeba mashine, madumu na matenga machache. Canter, lori dogo, ni ya anayekusanya samaki wa vyombo vingi. Kwa lolote, maji ya barafu ya samaki ni chumvi inayochuruzika kwenye chesisi. Tandika turubai, toboa njia ya maji, na osha chini kwa maji baridi kila jioni. Ukibeba mashine, isimame au kichwa kiwe juu kuliko propela, maji yaliyobaki yasirudi kwenye silinda. Fostroki ilazwe upande ule unaooneshwa na kitabu, vinginevyo oili inahama.

Chini ya tezi, nyuma ya chombo changu, kuna ndoo yenye mfuniko: plagi mbili, spana yake, kamba ya kuwashia, pini ya propela, koleo, impela moja, tochi. Pembeni yake pondo mbili na tanga dogo la kweli. Lile turubai nimelirudisha kwenye samaki.