Friza yangu ya mtumba na kelele zake usiku (uzoefu wangu wa mwaka na nusu, Mtwara)

Muuzaji hakuniambia kama hii friza ina alamu. Yani umelala zako saa nane usiku unasikia tii tii tii kutoka stoo, mara ya kwanza nilijua simu ya mume wangu, nikamsukuma, akasema si yangu hiyo, tukaenda na tochi tukakuta taa nyekundu inawaka kwenye friza na kelele juu, kama kifaranga kilichopotezana na mama yake.

Nipo Chikongola hapa Mtwara mjini. Friza ni ile ya kulala, mfuniko juu, lita 300, mtumba wa Ulaya, niliinunua Dar laki sita na nusu afu nikalipa lori lilete, ni kilomita kama 560 na ilifika haina hata mkwaruzo. Kazi yake ni pweza na ngisi ninaochukua feri, soko la samaki, juisi ya ukwaju, na mabonge ya barafu nawauzia wachuuzi wa samaki asubuhi. Jina la kampuni silitaji maana nikilitaja mtaanza ubishi wa friza ipi nzuri, na shida yenyewe mtaona haikuwa ya kampuni.

Ina taa tatu. Kijani ni umeme upo, njano ni ile ya kugandisha kwa haraka, nyekundu ni kwamba ndani joto limepanda. Sasa ukiiwasha mara ya kwanza nyekundu itawaka tu, iache, bado haijapoa. Mi siku ya kwanza nilikaa nayo toka asubuhi mpaka usiku nikidhani nimeuziwa bomu, kumbe yenyewe inasubiri ipoe. Kuna kitufe cha kunyamazisha sauti ila taa haizimi, na hapo ndo nilipofanya ujinga wangu, nikawa nanyamazisha naenda kulala.

Miezi kama saba hivi hamna shida kabisa. Umeme inakula kidogo, pweza akikaa humo siku mbili tatu akitoka analainika vizuri hata humpigi sana, barafu zinaganda usiku mmoja. Halafu ikafika Oktoba ikaanza. Kwanza siku mojamoja, baadae kila usiku, mwisho hata mchana.

Nikaita fundi, kijana wa mjini tu. Hata hajafungua kitu, ameshika mfuniko, ameinama kidogo, "dada gesi imeisha hiyo, elfu themanini namaliza". Nikaenda kutafuta hela. Kilichoniokoa ni kile kibandiko cha nyuma, nilikuwa nimekipiga picha siku naipokea, kimeandikwa gesi yake ni R600a, na mtungi aliokuja nao umeandikwa R134a. Nikamuuliza hizi si tofauti? Akasema zote gesi dada. Jamani. R600a inashika moto, ni ndugu yake gesi ya kupikia, na haichanganywi na hiyo nyingine hata siku moja. Na kitu kingine nimekuja kujua, gesi ya friza haiishi kama mafuta ya bodaboda, inazunguka humo humo imefungiwa, ikipungua maana yake kuna sehemu inavuja, so fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja hela yako imeenda na utamwita tena. Nikampa hela ya nauli tukaachana kwa amani.

Wiki hiyo hiyo ndo ikatokea balaa. Shangazi yangu alikuwa na sherehe ya kumtoa mwali, akaniletea jodari kilo nane nimhifadhie. Usiku alamu imelia, mi nikanyamazisha kama kawaida yangu. Asubuhi nagusa samaki analainika, hana harufu mbaya, rangi safi. Shangazi akasema, "mwanangu tukaange tu, moto unaua kila kitu." Nikamkatalia na tuligombana kweli kweli, maana jodari akikaa kwenye joto anatengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi, mtu anakula anavimba uso, anawashwa mwili mzima, moyo unamwenda mbio, na samaki mwenyewe anaweza asinuke kabisa. Hebu fikiria wageni wa unyago wote wamevimba. Tukamfukia, nikamlipa, na mpaka leo akija ananikumbusha.

Hapo nikaacha uvivu. Nikanunua kipimajoto cha friza, kile kidogo cha mshale, nikakiweka katikati ya vitu sio juu juu maana juu ukifungua tu mfuniko kinadanganya, nikakiacha siku nzima. Inatakiwa -18 kushuka chini. Yangu ilikuwa -8. Na nimeangalia mara kadhaa, yangu huwa inaanza kulia ikifika -9 au -10 hivi. Kwa hiyo alamu ilikuwa inasema kweli muda wote, mwongo nilikuwa mimi na kitufe changu.

Jirani akanipa namba ya mzee mmoja anatokea Mikindani, anakuja na baiskeli. Shikamoo mzee, marahaba mama, akaomba maji ya kunywa, akakaa. Hakufungua begi. Akatoa noti ya elfu moja, akaibana kwenye mfuniko akafunga, akaivuta. Inang'ang'ania. Akahamisha, akavuta, inang'ang'ania. Kona ya nyuma upande wa bawaba noti ikatoka yenyewe kama imeitwa. Mpira umekakamaa pale, nadhani chumvi ya huku pwani na uchafu wa damu za samaki. Akaniambia nioshe mpira wote na maji ya vuguvugu na sabuni, niukande ile kona na kitambaa cha maji moto mpaka ulainike, afu nifunge niweke kitu kizito juu usiku mzima. Nimefanya, umerudi, bure kabisa.

Barafu ya kwenye kuta nayo ilikuwa nene kushinda kidole, hiyo kosa langu. Nikamwambia huwa natoa na kisu, akanitazama tu. Bomba za gesi zimepita humo humo kwenye kuta, ukitoboa ndo friza imekufa, na hiyo ya kutoboa mafundi wanaipenda sana. Zima, fungua mfuniko, weka sufuria ya maji moto ndani, subiri.

Lakini kikubwa bado. Mzee akaweka kiganja ubavuni mwa friza akasema "mama hii inaungua." Mi nilijua ubavu kuwa wa moto ndo ubovu wenyewe. Kumbe friza nyingi za kulala hazina ile wavu nyuma kama friji, joto linalotolewa ndani linatokea kwenye kuta za ubavuni, so lazima ubavu upate hewa, angalau kiganja kizima kila upande. Akauliza, hizi gunia zimekaa hapa toka lini?

Gunia. Za korosho za mume wangu. Toka Oktoba! Kila msimu anajaza stoo akisubiri kupeleka ghala la ushirika, na mwaka huo alizipanga kulia, kushoto na nyuma, zimeibana friza kama abiria wa katikati kwenye daladala. Juu mimi nimeweka kitambaa changu cha kufuma kinaning'inia mpaka chini, na juu ya kitambaa ndoo za unga. Stoo yenyewe bati tupu haina silingi bodi. Yani tulikuwa tumemvisha mtu blanketi mchana wa Desemba afu tunamlaumu anatoka jasho.

Mzee akanionyesha na herufi kwenye kibandiko ambazo mi nilikuwa nazipita tu. Yangu imeandikwa SN-N. Maana yake imetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST inafika 38, T inafika 43. Sasa stoo ya bati huku Mtwara saa nane mchana hiyo 32 inapitwa bila shida. Kwa hiyo mnaonunua mtumba wa Ulaya, kabla hujaangalia rangi na lita tafuta kwanza herufi T. Mi ningejua ningeongeza hata laki.

Tukatoa gunia zote hapo hapo, yeye mzee, mimi na vijana wawili wa jirani, tukaisogeza friza ukumbini karibu na dirisha. Kesho yake asubuhi -17, keshokutwa -20. Mzee alichukua elfu kumi, na hiyo nimemlazimisha.

Alamu bado inalia mara moja moja, ila sasa naelewa inataka nini. Nikirudi feri na kilo thelathini za pweza nikizimwaga zote kwa mpigo lazima ilie, kibandiko kinasema inagandisha kilo 15 tu kwa saa 24, so naweka nusu, nusu nyingine naiacha kwenye barafu hadi kesho, na naiwasha ile taa ya njano masaa machache kabla. Umeme ukikatika siifungui hata iweje, ikijaa inaweza kushika mpaka siku mbili, ikiwa nusu siku moja, na kwa joto letu hesabu pungufu ya hapo. Nimeweka na frijigadi, kile kifaa cha kwenye plagi kinachochelewesha umeme, maana umeme ukirudi kompresa, yaani mota ya friza, inatakiwa ipumzike dakika kadhaa ndo iwake. Na friza nimeitoa kwenye ile ekstensheni iliyokuwa inashea na jagi la maji moto, ina plagi yake ukutani.

Nyota naipa nne. Moja nimeikata kwa ajili ya hiyo SN-N, na sauti kwakweli inakera, wangeweka hata mlio mwingine.

Msimu wa korosho umekaribia tena na mume wangu ameshaanza kuniuliza kwa upole gunia zikae wapi mwaka huu maana stoo panya wamezidi, anaona ukumbini pale pembeni ya friza pana nafasi nzuri. Nimemwonyesha upande wake wa kitanda.