Kifuko Kimoja, Maduka Mawili: Nilivyoipima Chanjo ya Mbegu za Soya

Nilinunua vifuko viwili vya chanjo ya mbegu za soya, gramu 100 kila kimoja. Mtengenezaji ni mmoja, namba ya toleo ni ileile, na tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado miezi mitano mbele. Kimoja nilikipata kwenye duka la pembejeo ninalolipita nikitoka kazini, cha pili kwenye duka nililoelekezwa na jirani yangu wa shambani. Cha jirani kilikuwa hai. Kile kingine kilikuwa kimekufa karibu chote, na ukiviweka sambamba mezani huwezi kuvitofautisha kwa macho wala kwa harufu.

Nikisema kimekufa nina maana ya kufa hasa. Mimi ni fundi wa maabara ya vijidudu, huu ni mwaka wa 19, na siku za mapumziko nalima kipande changu mwenyewe. Nilipoona namna vifuko hivi viwili vilivyouzwa, sikuweza kuvipanda tu bila kuvipima.

Nianze na bidhaa yenyewe. Ndani mna unga mweusi wa mboji, wenye unyevunyevu, unaonukia udongo baada ya mvua. Mboji ni nyumba tu. Unachonunua ni wakazi wake, bakteria waitwao Bradyrhizobium. Mbegu ikiota, bakteria hawa huingia kupitia vinyweleo vya mzizi, mmea ukawajengea vinundu na kuwalisha sukari, nao wakaigeuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini soya peke yake haiwezi kuitumia hata chembe. Viwanda vya mbolea huifanya kazi hiyo kwa joto la nyuzi 400 na zaidi, chini ya mgandamizo mkubwa mno. Bakteria huyu anaifanya kimyakimya ndani ya mzizi, kwenye udongo wa kawaida. Nimeona mengi chini ya hadubini, ila hili sijawahi kulizoea.

Wala si jambo la jana. Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga na kuwaotesha bakteria wa vinundu mwaka 1888, na ilipofika 1896 Nobbe na Hiltner wa Ujerumani walikuwa tayari na hataza ya kuwauzia wakulima. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia bidhaa hii ni ngeni mno kwa wauza maduka kujua namna ya kuitunza.

Katika duka la kwanza kifuko kilikuwa rafu ya juu, pembeni ya dirisha, jua la alasiri likikipiga moja kwa moja. Nilipokishika kilikuwa na joto kama chombo kilichotoka kuoshwa kwa maji ya moto. Kando yake kulikuwa na unga mwingine wa vijidudu, ule wa Bacillus unaotumika kudhibiti magonjwa ya mimea. Nikamuuliza muuzaji kama hiki cha soya hakihitaji baridi. Akasema, "Vyote ni vijidudu hivyo, mama, vinakaa pamoja." Alikuwa na adabu, alinihudumia haraka, alinipa risiti bila kuombwa. Kwa kipimo cha kawaida cha huduma dukani, sina la kumlaumu.

Lakini hapo ndipo kosa lilipo. Bacillus akibanwa na joto au ukavu hujifungia ndani ya kiini kigumu, akalala humo miaka, akaamka mazingira yakiwa mazuri. Bradyrhizobium hana kinga hiyo. Akikaushwa na kuchomwa na jua anakufa, basi. Rafu moja, lebo zinazofanana, viumbe wawili wenye mahitaji tofauti kabisa, na hakuna aliyemweleza muuzaji. Sidhani alikuwa mzembe. Bosi wake alimfundisha kupanga bidhaa kwa aina, naye alipanga kwa aina.

Duka la pili ni dogo zaidi na lina giza. Binti aliyekuwa kaunta hakunyoosha mkono kuchukua kitu mpaka alipouliza maswali. "Ni soya au maharage?" Nikamwambia soya. Akasema ni vizuri nimetaja, kwa sababu maharage yana chanjo yake na hii haitayafaa. Hiyo ni kweli tupu: bakteria wa soya na wa maharage ni jamii tofauti, na kila mmea una wake unaoelewana naye. Akauliza napanda lini. Nikasema baada ya siku nane. Akasema basi nirudi siku moja kabla, nisikae nacho nyumbani bila sababu. Akauliza tena kama mbegu zangu zimepakwa dawa ya kuvu, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zinaua bakteria walewale ninaotaka kuwapeleka shambani.

Nilirudi siku ya saba. Akafungua jokofu, akatoa kifuko kwenye boksi lililo mbali na sehemu ya kugandisha, akakizungushia gazeti na kukiweka kwenye mfuko pamoja na chupa ya maji baridi. "Usikiache ndani ya gari, mama, hata kama unashuka dakika tano." Kwa miaka yote niliyonunua pembejeo, hakuna muuzaji aliyewahi kunifuata kwa maneno mpaka garini.

Sasa vipimo. Kifuko cha kwanza nilikiweka kwenye jokofu langu tangu siku niliyokinunua, kwa hiyo joto lililokidhuru si la kwangu. Siku ya kupanda nilichota gramu moja ya kila kifuko, nikaizimua kwa maji safi yaliyochemshwa kwa mgandamizo, mara kumi, mara mia, mara elfu, hadi mara milioni. Kila hatua nilipaka sehemu moja ya kumi ya mililita kwenye sahani zenye chakula cha chachu na manitoli, kilichotiwa rangi nyekundu. Rangi hiyo ni hila nzuri ya zamani: bakteria wa vinundu huinywa kidogo sana, makoloni yao hubaki meupe, wavamizi wengi huinywa na kuiva wekundu. Sahani zikakaa kwenye nyuzi 28. Bradyrhizobium ni mpole, hakui haraka, kwa hiyo nilisubiri siku nane kabla ya kuhesabu.

Kifuko cha duka la pili, kwenye mzimuo wa mara milioni, kilinipa wastani wa makoloni 41 kwa sahani. Hiyo ni kama milioni 410 walio hai kwa gramu moja. Kifuko cha kwanza hakikuwa na kitu kwenye mzimuo huo. Ilibidi nishuke hadi mara elfu ndipo nikapata 23, sawa na 230,000 kwa gramu, na katikati yao kuvu wa kijani alikuwa ameshatanda robo ya sahani. Lebo ya vyote viwili imeandikwa bilioni moja.

Tuzipeleke namba hizo shambani. Maelekezo yanasema gramu 10 kwa kilo ya mbegu. Kilo ya mbegu zangu ina punje kama 6,500. Kwa kifuko cha pili kila punje inapata bakteria 630,000 hivi, kwa cha kwanza 350 hivi. Australia inataka angalau 100,000 kwa punje kubwa kama za soya, Ufaransa inataka milioni. Maana yake hata kifuko changu kizuri kisingefaulu kipimo cha Ufaransa, na hilo namwambia mtengenezaji wazi: ongezeni dozi kwenye maelekezo, au wekeni bakteria wa kutosha wa kufidia wanaokufa njiani.

Nilipanda sehemu tatu, na nafasi ya hatua nne kati yake, kwenye udongo ambao haujawahi kuoteshwa soya. Nilianza na mbegu zisizo na chanjo ili mikono yangu isizipelekee bakteria, nikafuata na kifuko cha kwanza, nikamalizia na cha pili. Gundi iliyomo kwenye kifuko inayeyuka vizuri na mbegu hupata koti jeusi linaloshika bila kumenyuka. Nilichanganyia kivulini na zote zikaingia ardhini kabla ya saa nne asubuhi. Mbolea ya fosforasi nilitia kote sawa, ya naitrojeni sikutia popote, maana mmea ukipewa naitrojeni ya bure hauhangaiki kujenga vinundu.

Zilipoanza kutoa maua nilichimba mimea kumi kila sehemu. Nasema kuchimba kwa jembe la uma, kwa sababu ukiing'oa vinundu vinabaki udongoni halafu unalaumu chanjo bure. Sehemu isiyo na chanjo, mimea tisa haikuwa na kinundu hata kimoja, wa kumi ulikuwa na viwili. Sehemu ya kifuko cha kwanza, vinundu vitatu, vinne, vimetawanyika kwenye mizizi ya pembeni, na majani yamepauka kuelekea manjano karibu kama ya wenzao wasio na chanjo. Sehemu ya kifuko cha pili vilikuwa vimesongamana shingoni mwa mzizi mkuu, zaidi ya ishirini kwa mmea, vingine vikubwa kama punje ya pilipili manga. Nikavipasua kwa wembe. Ndani ni vyekundu kama nyama, kwa protini inayofanana na ile ya damu yetu, inayodhibiti oksijeni ili bakteria wafanye kazi. Kinundu cheupe au cha kijani ndani hakifanyi kazi. Hivi vilikuwa vinafanya.

Ni shamba moja na msimu mmoja, na barabara ambayo kila kifuko kilipita kabla ya kufika dukani siijui. Lakini tofauti ya bakteria kati ya vifuko hivyo ni zaidi ya mara elfu moja na mia saba, na hiyo haitokani na bahati.

Kuna jambo la teknolojia nataka kulisemea. Kifuko kina msimbo wa kuskani kwa simu. Niliuskani kwenye vyote viwili. Vyote viwili jibu lilikuja na alama ya kijani: bidhaa halali, haijaisha muda. Msimbo huo unazuia bidhaa bandia na naushukuru, ila unamthibitishia mkulima karatasi, haumthibitishii kilichomo. Kifuko cha kwanza kilikuwa halali na kilikuwa maiti. Chupa za chanjo ya polio tangu 1996 zina kibandiko chenye mraba ndani ya duara. Joto linavyozidi kujikusanya, mraba unakolea, na ukifikia rangi ya duara chupa haitumiki tena. Muuzaji hahitaji elimu ya vijidudu kukisoma, mkulima vilevile. Kibandiko cha namna hiyo kwenye kifuko cha chanjo ya mbegu kingenifaa kuliko msimbo, na kingemkinga yule muuzaji wa duka la kwanza asiniuzie mboji tupu bila kujua.

Maandishi ya lebo nayo ni madogo mno. Mstari unaosema "hifadhi mahali pa baridi, epuka jua" uko nyuma, chini ya anwani, na hauna mchoro wowote. Mama yangu mzazi asingeuona hata na miwani.

Duka la pili pia lina mapungufu. Jokofu halina kipimajoto, na umeme ukikatika usiku hakuna anayejua asubuhi. Na binti aliniambia kifuko kikibaki nusu nikifunge nikitumie msimu ujao. Hapana. Kikishafunguliwa unyevu unatoka na kuvu anaingia, kitumike chote siku hiyohiyo. Nilimweleza, akatoa daftari akaandika, akauliza sababu, akaandika na sababu. Nilimpenda zaidi kwa hilo kuliko kwa ile chupa ya maji baridi.

Kwa bidhaa natoa nyota tatu kati ya tano: bakteria ni wazuri, lebo ni mbovu na dozi ni ndogo. Kwa duka la pili nyota nne. Duka la kwanza silipi nyota mpaka watoe vifuko dirishani. Nimewarudishia picha za sahani zangu, na meneja amenijibu kwamba rafu itahamishwa. Nitapita kuangalia.

Wiki iliyopita nilimpelekea yule binti mmea mmoja wenye mizizi iliyooshwa, nikampasulia kinundu pale kaunta. Ameuza chanjo hii misimu minne na hakuwa ameona ndani yake. Ameuweka mmea kwenye chupa ya kioo kando ya daftari la mauzo, na akaniomba wembe ubaki.