Kava la Viti vya Nje: Masika Nzima, Leo Nalifungua

Karibuni. Nipo nyuma ya nyumba, Njiro, Arusha, na huo mzigo mnaouona si gari bovu, ni meza na viti vinne vya mninga chini ya kava. Nililinunua 65,000 mwezi wa tatu, mvua hazijachanganya. Sasa ni mwezi wa saba, baridi imekaza, acha nilifungue mbele yenu.

Kwanza hili dimbwi hapa katikati. Kwenye boksi wamechora theluji, limetengenezwa kwa baridi ya Ulaya huko. Huku kwetu ni maji: yanatuama, kitambaa kinalegea, mshono unaachia. Oneni, kidole kinapita. Dawa ni kugeuza ndoo juu ya meza kabla ya kufunika, kava lisimame kama hema, maji yateremke. Mimi nimelijua hilo mwezi wa tano, mshono umeshakwenda.

Sasa sogeza kamera kwenye mguu wa kiti. Huu weupeweupe ni ukungu. Na mvua haikufika huku mguuni, jamani! Ni unyevu wa ardhini. Kava linagusa chini pande zote, halina tundu hata moja la hewa, basi usiku ukipoa ule mvuke unageuka matone kwa ndani. Pitisha kiganja hapa, kimelowa. Kiti cha tano ambacho kava halikukitosha kilibaki nje hivihivi: kimepauka, ila ukungu hakina. Iliniuma kweli.

Kwa hiyo nimeweka miguu juu ya matofali, ukingo wa kava nikaupandisha shubiri moja, na jua likichomoza, hata kama ni saa nane mchana, nafunua. Ukungu nimeusugua kwa brashi na siki, nikaanika, nikapiga msasa laini na mafuta ya mbao. Mito usiulize, inalala ndani.

Zipu nzuri, na kamba za miguuni hazikuachia hata siku ya upepo. Turubai la bluu ni rahisi zaidi, lakini jua likilipiga sana linachanika nyuzinyuzi.

Kwa viti vya plastiki, chukua hili. Kwa mbao, tafuta lenye matundu ya hewa yenye vikofia pembeni, hata ukiongeza hela.

Haya dogo, acha kamera, shika pembe hiyo tulirudishe. Mlima Meru umeshajifunika mawingu.