Bembea ya Newton ya shilingi 45,000: inunue, ila usiamini maandishi ya boksi

Niliinunua Kampala mwezi wa pili, katika duka la vifaa vya shule, shilingi 45,000 baada ya kuvutana bei. Ni gololi tano za chuma, kila moja imening'inizwa kwa nyuzi mbili za nailoni. Inua ya pembeni uiachie: inagonga, tatu za katikati zinatulia, ya mwisho inaruka. Inua mbili, zinaruka mbili. Mfaransa Edme Mariotte alionyesha migongano ya namna hii katika karne ya 17.

Nikiwa kwenye basi la kurudi Busia nyuzi zilisokotana, nikatumia jioni nzima kuzifungua. Ukisafiri nayo, funga kila gololi kwa karatasi.

Kitako ndicho kibovu. Ni plastiki nyepesi, na juu ya meza ya darasani gololi zilicheza sekunde 20 tu, kwa sababu meza nayo ilitikisika ikazila nguvu zake. Nilikigandisha kwa gundi kwenye kigae kilichobaki nilipojenga. Sasa zinafika 35.

Boksi limeandikwa kuwa mwendo huu haukomi. Huo ni uongo, na mtoto akiuamini atateseka na fizikia miaka mingi. Ile sauti ya tak, tak ni nishati inayotoka, na gololi zenyewe hupata joto kidogo kila zinapogongana. Katika miaka ya 1840 mwanafizikia Mwingereza James Joule alitumia vyuma vizito vinavyoshuka kuzungusha makasia ndani ya maji, maji yakapata joto. Nishati haikupotea, ilihama. Kwangu mimi, kusimama kwa gololi ndilo somo lenyewe.

Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini maswali mazito huja kwa Kiswahili baada ya kengele. Msichana mmoja wa kidato cha pili alibaki akaniuliza: "Mwalimu, kama nishati haiumbwi, gololi ya kwanza ya ulimwengu iliinuliwa na nani?" Mwenzake akajibu kwamba ni Mungu. Sikumkatalia, imani hiyo ni yangu pia, ila nilitaka wajue fizikia imefika wapi.

Nikawaambia habari za mwanahisabati Mjerumani Emmy Noether. Mwaka 1918 alichapisha uthibitisho kwamba nishati huhifadhika pale ambapo kanuni za maumbile ni zile zile jana, leo na kesho. Kwenye meza yetu ni hivyo. Ulimwengu mzima, lakini, unapanuka. Jana yake si leo yake, na hesabu hiyo haina tena dhamana kwa ujumla wake. Mwanga wa kale kabisa tunaoupokea ulianza safari miaka 380,000 hivi baada ya mwanzo, kukiwa na joto la karibu nyuzi 3,000. Penzias na Wilson, watafiti wawili huko Marekani, waliunasa kwa antena yao mwaka 1964. Leo umepoa hadi nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, na nishati uliyopungukiwa haikupasha joto meza ya mtu yeyote. Anga lilivyotanuka, mawimbi yake nayo yalivutika.

Kisha kuna pendekezo la mwanafizikia Edward Tryon la mwaka 1973, ambalo bado ni pendekezo: huenda jumla ya nishati yote ni sifuri. Hapo watoto wa Busia hawakuhitaji maelezo marefu, wengi mama zao wanauza sokoni. Ukichukua mali kauli, kibanda kinajaa bidhaa na daftari linajaa deni. Maada, yaani vitu vyote, ni bidhaa; nguvu ya mvutano inayovuta vitu hivyo pamoja ni deni. Yule msichana akauliza daftari lenyewe lilitoka wapi, na jibu la hilo sina.

Bembea hii haikuundwa kujibu hayo. Lazima mkono uinue gololi ya kwanza. Lakini ndiyo iliyoleta swali, na kwa mwalimu hiyo inatosha kuhalalisha bei. Msichana sasa huja kila jioni kuhesabu sekunde kwa saa ya simu yangu. Jana alihamishia kigae sakafuni, akapata 38. Nimemwachia ufunguo wa kabati.