Nguo za baridi za watoto: nini ununue kwanza Tanga kabla ya kupanda Lushoto

Mwaka juzi, likizo ya mwezi wa sita, niliwapeleka wanangu wawili kwa bibi yao Lushoto. Mdogo alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa nimemnunulia koti jipya, nene, limejazwa pamba za plastiki, na nilimvika tangu tunatoka nyumbani Ngamiani ili asipate baridi njiani. Tulipofika Mombo jua lilikuwa linawaka na mtoto amelala ndani ya koti, shingo imemlowa. Basi likaanza kupanda. Tulipofika Soni ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, abiria wa mbele kafungua dirisha, na mwanangu kaamka anatetemeka. Nikazidi kuivuta zipu juu. Stendi ya Lushoto mama mkwe alimpokea, akaingiza mkono mgongoni mwake, akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto ameloa." Kweli, singlendi ilikuwa imemganda mwilini kama kitambaa kilichotoka kwenye beseni. Alimvua palepale, akamfuta kwa kanga yake, akamfunga mgongoni ndani ya blanketi mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo nanunua nguo za baridi kwa mpango mwingine kabisa, na ndio ninaoueleza hapa kwa mzazi yeyote wa Tanga, Pangani au Muheza anayejiandaa kupandisha watoto wadogo Usambara msimu wa kipupwe.

Sisi wa pwani baridi tunaikisia vibaya. Tanga mjini mwezi wa saba usiku ukifika nyuzi 20 tunatoa mashuka ya akiba kabatini. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni hadi Agosti hushuka hadi karibu nyuzi 10. Ukiendelea kupanda kuelekea Magamba, inazidi. Lakini saa saba mchana jua likitoka, watoto wale wale wanakimbia uwanjani wanatoka jasho. Na kutoka Mombo penye joto hadi Lushoto ni kilomita 33 tu. Hakuna nguo moja inayoweza kufaa saa zote hizo. Kinachomtia mtoto joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nguo na kati ya nguo moja na nyingine, kwa hiyo nguo tatu nyepesi zinazovaliwa juu kwa juu humfaa kuliko moja nzito, na jua likitoka unapunguza moja. Mtoto mdogo hupoteza joto upesi kuliko sisi, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Akiloa jasho, hupoteza upesi zaidi.

Sasa nguo ya joto yenyewe, ile ya katikati, kati ya fulana ya ndani na koti la mvua la juu. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nazipanga kutoka ninayoipenda zaidi hadi ninayoiweka mwisho.

1. Sweta la sufu la mtumba

Hili ndilo naliweka mbele ya yote. Sufu hutunza joto hata ikipata unyevu kidogo, na ukungu wa Lushoto ni unyevu mtupu. Masweta mawili ya mwisho niliyapata soko la Mgandini, kila moja shilingi 3,000. Lile koti lililomlowesha mwanangu nililinunua dukani kwa 35,000.

Siri ni siku ya kwenda. Usiende jioni ukakute yaliyobaki. Mwulize muuzaji, "Kaka, belo la watoto unafungua lini?" Akikwambia Jumamosi asubuhi, fika kabla hajalikata kamba. Nguo za kwanza kutoka ni ghali kidogo, ila ndipo yalipo masweta mazima, hayajatoboka viwiko.

Soma lebo ya ndani, ubavuni au shingoni. Mitumba yetu inatoka nchi nyingi, kwa hiyo sufu inaandikwa kwa majina mengi: wool, laine, lana, Wolle. Kuna neno moja limeshanidanganya, Baumwolle. Limeishia kama sufu, kumbe kwa Kijerumani ndiyo pamba. Lebo ikiwa imekatwa, omba ruhusa uvute uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Uzi wa plastiki unayeyuka, ukipoa unakuwa kidonge kigumu.

Namba nazo zinasumbua wengi. Ukiona 98, 104, 110 au 116 kwenye lebo, huo si umri, ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Mpime mwanao ukutani kabla hujatoka nyumbani. Mtoto wa miaka minne kwa kawaida anaingia 104, wa miaka sita 116, lakini watoto hawalingani, kwa hiyo amini futi ya fundi kuliko umri. Nguo za Marekani zimeandikwa 2T, 3T, 4T, na hapo namba inakaribia umri. Mimi nachukua namba moja juu: mikono inakunjwa, na ndani inapata nafasi fulana ya mikono mirefu. Sweta linalobana halinasi hewa.

Udhaifu wake ni mbili. Sufu inawasha ngozi, ndiyo maana siivalishi bila fulana ya pamba chini yake. Na haitaki maji ya moto. La mwanangu mkubwa nililoweka kwenye maji ya moto ili kuua wadudu, likatoka dogo hata mdogo wake halimwingii. Fua kwa maji ya baridi, usilikamue kwa kusokota, kisha lilaze juu ya kanga kavu kivulini. Ukilitundika kamba, linavutika mikono.

2. Jaketi la kitambaa cha blanketi, lenye zipu

Nasema lile jepesi lenye manyoya mafupi laini pande zote mbili. Ni la plastiki, si sufu, lakini linanasa hewa vizuri, halinywi maji na linakauka upesi. Kwa mtoto anayekojoa njiani au kumwaga chai kila asubuhi, pengine hili ni bora kuliko la kwanza. Upepo ndio unalipita moja kwa moja. Chagua la zipu nzima hadi chini: mtoto aliyelala kwenye basi huwezi kumvua nguo ya kupitishia kichwani bila kumwamsha. Weka mbali na moto wa mafiga, maana kitambaa hiki kikishika cheche kinayeyuka na kugandia ngozi, na jikoni kwa bibi ndipo watoto wanapokimbilia kuota moto.

3. Sweta la kufumwa kwa oda

Ukimjua mama anayefuma, mpe kipimo na umwambie asitumie uzi wa plastiki mtupu akiweza kupata mwingine. Linakaa vizuri mwilini na unaweza kuomba lifumwe refu linalofunika makalio. Nimeliweka la tatu kwa sababu ya muda tu. Oda ya kupelekwa mwezi wa tano ukiipeleka wiki ya safari, hutalipata.

4. Traki suti

Nzuri kwa kuchezea mchana na kwa kulalia. Usiku wa nje peke yake haitoshi.

5. Koti nene jipya

Mtoto akikaa Lushoto mwaka mzima, linunue. Kwa wiki mbili za likizo, halina haja. Linajaza begi, likiloa halikauki siku mbili, na mtoto mdogo hawezi kuinua mikono vizuri ndani yake. Badala yake tafuta koti la mvua jepesi, lisilo na kitu ndani, la kuvaa juu ya sweta. Kazi yake ni kuzuia upepo na manyunyu basi.

Jaketi lolote utakalochukua, angalia kofia yake. Ikiwa na kamba ya kuvuta shingoni, ichomoe kabla mtoto hajaivaa. Kamba hizo hunasa kwenye matawi, milango na bembea, na zimewahi kunyonga watoto. Huko Marekani tangu 1996 kuna mwongozo wa serikali unaowataka watengenezaji wasiziweke kwenye nguo za juu za watoto, lakini mitumba ya zamani bado inaingia nazo.

Za ndani nunua mpya. Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mtumba, na kwa ngozi ya mtoto ni haki. Kila mtoto singlendi nne na fulana tatu za pamba za mikono mirefu. Pamba ikiloa inachelewa kukauka, kwa hiyo zile za kubadilisha ndizo muhimu, na jioni baada ya michezo mbadilishe hata kama anakataa. Suruali mbili na taitsi mbili za kuvaa chini yake zinatosha. Jinzi iache: ikilowa umande wa asubuhi inakuwa nzito na baridi hadi saa sita.

Kichwani mzula wa kufumwa, viwili, kwa kuwa kimoja kitapotea. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kwa mwili wake, ukikifunika utaona tofauti. Usiku akilala ndani, mvue. Miguuni soksi jozi tano, mpya, na raba zinazoacha nafasi kidogo ya vidole. Raba zikibana kwa sababu ya soksi mbili, vidole vinapoa zaidi kuliko kwa soksi moja. Yeboyebo ziende pia, za kuogea.

Mitumba yote ifuliwe kabla ya safari. Zilizoanikwa nje zipigwe pasi hadi kwenye mishono, kwa sababu kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na mabuu yake huingia ngozini. Sufu ipige pasi ya moto mdogo, juu yake kitambaa chenye unyevu.

Siku ya kuondoka mvalishe mtoto singlendi na fulana tu. Sweta, koti la mvua, mzula na singlendi moja kavu viweke kwenye mfuko wa mapajani, siyo kwenye buti la basi ambako huwezi kufika. Mombo mguse mgongoni. Mgongo ukiwa umelowa, mbadilishe singlendi hapo hapo, kabla basi halijaanza kupanda, na sweta lisubiri Soni.